Sauti nilizozisikia Kigali

Ukitazama mpira wa kikapu kwenye simu au televisheni, kuna sehemu kubwa ya mchezo inayokupita. Kamera inaufuata mpira, mtangazaji anakujaza masikio, na wale wachezaji wanne wasioushika mpira wanaingia na kutoka kwenye picha bila wewe kujua wanafanya nini. Nimefundisha wasichana wa Bukavu, mashariki mwa Congo, mchezo huu kwa miaka mingi, na AfroBasket ya wanawake niliyoijua ilikuwa hiyo ya kwenye kioo cha simu. Mwaka 2023 mashindano yakaletwa Kigali, mji ulio karibu nasi kuliko Kinshasa, nikaenda kuyaona kwa macho yangu. Kilichonibadilisha kilipitia masikioni.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda hajui kwamba Congo ina jina katika kikapu cha wanawake. Mashindano haya ya timu za taifa za Afrika yalianza mwaka 1966 huko Conakry, na Misri ndiyo iliyochukua kombe la kwanza. Senegal imelichukua mara 11, hakuna aliyeifikia. Lakini sisi, wakati nchi ingali inaitwa Zaire, tulilichukua mwaka 1983, tukalirudia 1986, na tena 1994 Afrika Kusini. Mwaka huo wa 1994 mimi nilikuwa mwanafunzi wa lise, yaani sekondari, hapa Bukavu. Mji ulijaa wakimbizi kutoka Rwanda, watu wamelala hadi kwenye viwanja vya shule, na katikati ya habari zile nzito tukasikia kwamba dada zetu ni mabingwa wa Afrika. Ushindi ule ukawapeleka Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Huko, timu ya Marekani iliwafunga 107 kwa 47, na hawakushinda mechi hata moja. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo vita vikafika Bukavu, na sisi tuliokuwa tunacheza tukatawanyika. Mmoja wa wale wa Atlanta, Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1997 alijiunga na Los Angeles Sparks, ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na akawa bingwa nao mwaka 2001 na 2002. Kombe la Afrika halijarudi Congo tangu 1994. Wasichana wangu nawasimulia mambo haya kama habari za shangazi zao, kwa sababu sitaki wakue wakidhani mchezo huu tumeuazima kwa watu.

Safari sitaieleza sana. Tulikuwa watu wanne: mimi, mwalimu mwenzangu wa timu, na wasichana wawili waliokwisha kumaliza sekondari. Ilikuwa mwisho wa Julai, likizo kubwa, kiangazi chenye vumbi. Serikali zetu mbili hazikuwa zikielewana mwaka ule na wazazi walikuwa na maswali ya haki, nikayajibu moja moja, nyumba kwa nyumba. Tulivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, tukapanda basi Kamembe, tukapita msitu wa Nyungwe, Huye, Muhanga, hadi Kigali jioni. Fedha zilikuwa za michango na za mandazi yaliyouzwa na timu nzima, na hazikutosha kutufikisha hadi fainali.

BK Arena iko Remera, pembeni mwa uwanja wa Amahoro, na inachukua watu 10,000. Timu zilikuwa 12, zimegawanywa makundi ya tatu tatu, na Congo ilipangwa na Nigeria na Misri. Usiku Rwanda ikicheza humsikii hata mtu aliyekaa kiti cha pili. Wenyeji walifika nusu fainali wakamaliza wa nne, na watu wao walistahili kupiga kelele zile. Mimi nilijifunza zaidi mchana. Kwenye mechi za mchana za timu mbili za ugenini watu walikuwa wachache, tukashuka hadi viti vya chini. Hapo unasikia viatu vikilia sakafuni, unasikia watu wanavyohema, na juu ya hayo yote unasikia maneno.

Nieleze shambulizi moja tu, kwa sababu mengine yote yalifanana nalo. Mwenye mpira anavuka nusu ya uwanja. Pivo wa timu inayolinda, yule mrefu wa kati, yuko nyuma kabisa, chini ya kikapu, na kabla yule hajaukaribia mstari wa alama tatu, pivo ameshasema. Ameona mpinzani mwingine anapanda kwenda kusimama njiani ili amzibe mlinzi wa mbele, ile tunayoiita ekrani, naye anatamka itatokea upande gani. Mlinzi wa mbele hageuki kuhakikisha. Anasogeza mguu wa upande ule kwa sababu ameambiwa. Wa ubavuni anajibu kwamba ameingia nafasi iliyoachwa. Mwingine anataja kwamba mpira sasa uko kwake. Kwenye benchi waliotolewa kupumzika wamesimama wanahesabu kwa sauti sekunde za mwisho za zile 24 ambazo timu hupewa kurusha mpira. Mpira unarushwa kwa haraka, unagonga chuma, na pale unapogonga sauti tano zinatoka kwa pamoja, kila mmoja amkumbuke mtu wake na kumzuia asifuate ribaundi, yaani mpira unaorudi. Kisha wanakimbia upande wa pili na bado wanasema. Wa Msumbiji walisema Kireno, wa Mali Kifaransa, wa Uganda Kiingereza, na hata pale nisipoelewa neno niliielewa kazi yake.

Msichana wangu, yule anayecheza namba 1, yaani anayeongoza mashambulizi, alikuwa na orodha ya wachezaji kwenye simu. Akanigusa mkono. Kwenye timu iliyokuwa ikilinda mbele yetu, aliyekuwa akisema kuliko wote alikuwa mmoja wa wadogo kabisa kwa umri.

“Mama, angalia. Ule mudogo njo anaamuru bayaya.”

Yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa, naye alikuwa anasema kwamba mdogo ndiye anayewaamuru wakubwa zake. Alisema kwa mshangao, tena kwa wasiwasi kidogo, na ile sentensi ndiyo iliyorudi nami nyumbani kuliko matokeo yoyote.

Fainali ya tarehe 5 Agosti tuliitazama tukiwa tumerudi Bukavu, kwenye simu, kichwa juu ya kichwa. Nigeria iliifunga Senegal 84 kwa 74 na kuchukua kombe la nne mfululizo, ikiongozwa na Rena Wakama, mwanamke wa kwanza kuipa timu ubingwa huo akiwa kocha. Nilifurahi sana kwa hilo na sitaficha. Lakini hata pale, kwenye picha ndogo isiyotoa sauti ya uwanjani, nilijikuta natazama midomo ya wachezaji badala ya mpira.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni gumu kwetu, maana mtu wa mbali anaweza kudhani ni suala la kuwaambia wasichana tu, “semeni.” Katika nyumba zetu mkubwa ni yaya. Mdogo hamwiti kwa jina tupu, hamkatizi, na kumwamuru ndiyo kabisa hapana. Msichana, juu ya hayo, analelewa asisikike akiwa mbele ya watu. Halafu unamweka uwanjani chini ya kikapu kwa sababu ndiye mrefu, ana miaka 15, na mbele yake yuko namba 1 mwenye miaka 19 aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Wa nyuma anaona kila kitu. Wa mbele haoni kinachokuja mgongoni kwake. Kila kitu alicholelewa nacho yule mdogo kinamwambia anyamaze, na ekrani inakuja, na yaya wake anagongwa bega kwa bega na mtu ambaye hakujua kwamba yupo.

Siku za kwanza baada ya Kigali uwanja ulikuwa kimya. Nilisimamisha mchezo, nikamuuliza pivo kama alimwona yule mpinzani akipanda. Alimwona. Nikamuuliza mbona hakusema. Akaangalia chini.

“Mama, miye siwezi muamuru yaya. Atanikasirikia.”

Kuna makocha wanaosema adabu za nyumbani ziachwe getini. Mimi sikubaliani nao. Heshima kati ya mkubwa na mdogo ni mali yetu, ndiyo inayofanya wasichana wakubwa wa timu wawasindikize wadogo hadi mtaa wa Kadutu jioni bila kuombwa, ndiyo inayofanya kiatu kimoja kizuri kipite miguu mitatu. Nikiivunja uwanjani, nani atanirudishia nje ya uwanja? Ilibidi nitafute njia ya kupita ndani yake.

Njia niliipata barabarani. Pale kwenye mteremko wa kwenda Nyawera kila siku kuna lori linarudi nyuma mahali pembamba. Dereva ni mzee, mvi kichwani. Nyuma yake yuko kijana wake, konvoyeri, pengine ana miaka 16, anapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti: ongeza, ongeza, kata kushoto, simama. Mzee anatii kila neno, na hakuna mpita njia anayesema kijana yule hana adabu. Siku ile niliwapeleka wasichana wote pale kabla ya mazoezi, tukasimama tukatazama malori mawili. Sikuwahutubia. Tuliporudi niliwaita wakubwa pembeni, wale yaya wenyewe, nikawaambia kazi ni yao kwanza. Wao ndio wawaombe wadogo. Kila mmoja akaenda kwa mdogo anayecheza nyuma yake, akamwambia mbele ya wote, “Uniambie. Miye sioni nyuma.”

Tangu hapo mambo yakageuka, kwa sababu mdogo akisema anakuwa ametii. Yaya ameomba kuambiwa, naye anaambiwa. Tukaongeza sharti moja ambalo mimi naliona ndilo kiini cha yote: aliyeambiwa lazima ajibu kwa sauti, “Nimesikia.” Asipojibu, wa nyuma anarudia hadi ajibiwe. Kabla ya sharti hilo wadogo walisema mara moja, wakaona kimya, wakadhani wamekosea, wakanyamaza mechi nzima. Jibu la mkubwa ndilo lililowapa nguvu ya kusema mara ya pili.

Zoezi tunalolipenda ni rahisi na halihitaji vifaa. Mlinzi wa mbele haruhusiwi kugeuza kichwa. Macho yake yabaki kiunoni mwa mwenye mpira, na miguu yake ifuate sauti ya wa nyuma tu. Mara nyingi wa mbele anagongwa, wanacheka, wanarudia. Maneno tuliyachagua mafupi, ya Kiswahili chetu cha kila siku: kulia, kushoto, badilisha, nimemchukua, mpira kwangu. Hatukuhitaji zaidi ya hayo.

Baada ya muda tulipata tatizo la upande mwingine. Walipoonja kusema, wote walisema, na uwanja ukawa soko. “Kaza!” “Twende!” “Amka!” Haya ni maneno mazuri ya kutiana moyo lakini hayamwelezi mtu chochote. Nikawaambia kila neno la ulinzi libebe mahali, mtu au tendo. Ukitaka kumtia mwenzako moyo, subiri mpira utoke. Na nikawakataza kabisa kupiga kelele usoni mwa mpinzani anayerusha, kwa sababu refa ana haki ya kukuadhibu na kwa sababu si tabia nzuri.

Wakati huo alinijia mama mmoja. Alikuwa akiuza sambaza, samaki wale wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, na binti yake ndiye yule pivo wa nyuma. Alikuja amefunga kitenge kwa mkazo wa mtu aliyejiandaa kusema jambo.

“Mama, mutoto wangu munamufundisha nini kule? Sasa anasemaka hata mbele ya baba yake.”

Nilimpa kiti. Nikamuuliza amesema nini mbele ya baba yake. Kumbe baba alikuwa akipanga kumhamisha shule ili kupunguza karo, na binti alisema, kwa upole lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba shule ile ya pili haina darasa la kemia na yeye anataka kusomea uuguzi. Hajatukana, hajapaza. Mama mwenyewe alikiri hivyo. Kilichomtisha ni kwamba mtoto alisema bila kuulizwa.

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa maneno matamu. Nikamwomba aje Jumamosi kwenye mechi. Akaja, akasimama mstari wa pembeni na beseni lake tupu. Robo ya kwanza alinyamaza. Robo ya pili akaniuliza mbona wote wanamsikiliza mtoto wake. Nikamwambia aangalie mahali binti yake aliposimama: mbele yake uwanja wote, nyuma yake ukuta. Mama huyu kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama nyuma ya meza, kuona nani anapita, nani anasita, nani atanunua, na kumwita kabla hajafika kwa jirani. Alielewa bila mimi kuongeza neno. Robo ya tatu mpinzani alipanda kuweka ekrani, na mama wa sambaza akamtangulia binti yake kuitaja kutoka pembeni. Refa akamwangalia, mimi nikamwomba asogee nyuma kidogo. Msichana hakuhamishwa shule. Sisemi ni kwa sababu ya mechi ile. Wazazi wana hesabu zao. Nasema tu hakuhamishwa.

Kuna jambo dogo la mpira wenyewe ambalo nililiona Kigali na ningependa kila mwenye timu ya wasichana hapa kwetu alijue. Wanawake wanacheza na mpira namba 6, ambao ni mdogo na mwepesi kuliko namba 7 ya wanaume. Mipira yetu yote ilikuwa namba 7, iliyoachwa na timu za wavulana ikiwa imekwisha kulainika. Msichana wa miaka 14 anaushika kwa mikono miwili hadi anakua, na tunamwita hana kipaji cha kudunda. Tulirudi na mmoja wa namba 6 na tofauti ilionekana wiki ileile.

Mwaka 2024 nilipata ushahidi ambao sikuutegemea. Olimpiki ya Paris, Nigeria ileile iliifunga Australia 75 kwa 62, ikaifunga Canada 79 kwa 70, ikawa timu ya kwanza ya Afrika katika kikapu, ya wanaume au ya wanawake, kufika robo fainali ya Olimpiki. Marekani ndiyo iliyowasimamisha, 88 kwa 74. Wasichana walitaka kujua wanawezaje. Mimi niliwaambia ninavyoona: wengi wa wachezaji wale wamekulia au kusomea Marekani, wanacheza katika klabu za nchi mbalimbali, na wanakusanyika kwa muda mfupi kabla ya mashindano. Hawana miaka ya kuzoeana. Kwa hiyo hawana budi kusema. Sisi wa Bukavu tumekua pamoja, tunategemea kuangaliana tu, na kuangaliana kunatosha hadi siku unapokutana na timu inayokimbia kuliko macho yako. Sijui kama kocha wao angelieleza hivyo. Ni hukumu yangu mimi niliyesikiliza.

Ningependa habari iendelee kupanda kutoka hapo. Februari 2025 vita viliingia Bukavu. Mazoezi yakasimama. Familia nyingine zilivuka kwenda Burundi, nyingine zikaenda Kamembe, wachache wenye uwezo wakafika Kinshasa. Shule zilipofunguliwa tena na tukaanza kukusanyika, nilikuta jambo ambalo hakuna kocha aliyenifundisha kulishughulikia. Waliobaki walikuwa hawasemi. Hata wakubwa, hata namba 1 aliyekuwa akisikika hadi barabarani. Mtu aliyepitisha usiku mwingi akiwanyamazisha wadogo zake wasisikike nje huwezi kumwambia mchana apaze sauti uwanjani, na mimi sikumwambia. Tulianza na kupasi tu, wawili wawili, na kila anayepasi ataje jina la anayempa. Jina, basi. Tulibaki hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mazoezi ya ekrani niliyaacha hadi walipoyaomba wenyewe.

Yule pivo yuko Bujumbura sasa pamoja na mama yake. Amepata timu huko, na ananitumia ujumbe wa sauti. Anasema mwanzoni walimshangaa mgeni asiyenyamaza, mtoto tena, anayewaelekeza waliomtangulia. Akawaeleza habari ya “Nimesikia.” Wameichukua.

AfroBasket ya 2025 ilichezwa Abidjan na Congo haikuwamo. Iliniuma. Katika timu 12 walikuwamo majirani zetu Rwanda na Uganda, na Sudan Kusini waliocheza kwa mara ya kwanza na kufika nusu fainali, watu ambao nao wanajua vita ni nini. Fainali ya tarehe 3 Agosti Nigeria waliifunga Mali 78 kwa 64, la tano mfululizo. Tuliitazama pale umeme ulipokubali. Wasichana wadogo walioanza mwaka huo, ambao hawakwenda Kigali na hawamjui pivo wetu, walikuwa wakitaja ekrani upande wa Nigeria kabla haijafika, kwa Kiswahili, na wakubwa wakiwajibu kutoka nyuma ya chumba. Congo kutuma timu Abidjan kunahitaji shirikisho, ndege, fedha na amani, mambo ambayo mimi siyashiki mkononi. Ninachoomba kwa wanaoyashika ni kwamba timu ya taifa ya wasichana wadogo itafutwe hadi huku mashariki, maana walinzi wa nyuma wenye sauti tunao.

Mwalimu mwenzangu na mimi bado hatujakubaliana. Yeye anasema naanza kwa kusema wakati watoto hawajui hata kurusha, na kwamba hakuna timu iliyowahi kupata alama kwa mdomo. Ana haki kwa sehemu: Jumamosi iliyopita tulilinda vizuri mno tukapoteza kwa sababu ya kukosa mitupo huru. Tumegawana muda. Yeye anachukua saa ya kwanza na ule mpira wa namba 6, kila mtoto anarusha kumi na kuandikwa kwenye daftari. Mimi naanza baada yake, na mipira ya namba 7, ambayo kwa zoezi langu haina neno kwa sababu nusu ya watoto hawaushiki mpira kabisa.